Nakunywa wikiendi tu, kumbe moyo una hesabu zake

Mimi sio mlevi. Hiyo sentensi nimeitamka mara nyingi sana na kila nikiitamka nilikuwa na ushahidi mkononi: Jumatatu mpaka Alhamisi sigusi, kazini sijawahi kufika nanuka, nikinywa siendeshi gari, mke wangu hajawahi kunikokota kutoka popote. Ijumaa napasha kidogo, Jumamosi ndo yenyewe, Jumapili nalala mpaka saa tano, imeisha hiyo. Nina miaka 43 na huo ndo utaratibu wangu tangu nina ishirini na kitu, na nilikuwa naamini kabisa mtu wa hivyo yuko salama kuliko yule anayegusa glasi moja kila siku ya Mungu, manake yule sindo keshakuwa mtumwa wa chupa?

Afu nikaenda kupima afya, makaratasi ya kazini tu yalikuwa yanahitajika, wala sikuwa naumwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nesi kafunga ule mkanda mkononi, mashine ikavuma, akaangalia, akafunga tena mkono wa pili bila kusema kitu. Presha 158 kwa 97. Nikamwambia dada labda nimepanda ngazi haraka. Akatabasamu ile ya huruma akaniambia kakae na dokta.

Dokta ni mama mtu mzima, mpole, anaandika taratibu. Kaniuliza sigara, nikasema hapana. Chumvi, mazoezi, wazazi wangu kama walikuwa na presha. Akaja kwenye pombe. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Kidogo dokta, wikiendi tu."

"Wikiendi tu ngapi?"

Nikaanza kuzunguka, unajua inategemea, kuna siku marafiki wapo, kuna mpira... Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, mi sijakuuliza siku. Nimekuuliza chupa."

Bas tukahesabu. Jumamosi ya kawaida ni bia saba, na mwishoni pale watu wanapoagana kwa saa nzima huwa kuna vile viglasi viwili vya pombe kali. Sasa kuna hesabu moja ndogo ambayo nilitakiwa niijue tangu nina miaka ishirini: unachukua mililita za kinywaji, unazidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, unagawa kwa mia, halafu unazidisha kwa 0.79 kwa sababu pombe ni nyepesi kuliko maji. Unapata gramu za pombe yenyewe, yani ile kemikali, sio maji na povu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakupa karibu gramu 20. Glasi ya waini ya mililita 150 yenye asilimia 12 ni kama gramu 14. Kiglasi cha mililita 30 cha pombe kali ya asilimia 40 ni gramu 9 na nusu hivi. Kwa hiyo mimi niliyekuwa "nakunywa kidogo" nilikuwa naingiza karibu gramu 160 usiku mmoja, na hapo Ijumaa hatujaigusa.

Hiyo namba ingekuwa namba tu kama nisingeenda nyumbani nikaanza kusoma. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 83 za watu karibu 600,000 wanaokunywa, kutoka nchi 19, na walichokuta ni kwamba hatari ya kufa mapema inaanza kupanda mtu akivuka kama gramu 100 kwa wiki. Kwa wiki jamani. Mimi gramu 100 zangu nilikuwa nazimaliza kabla ya saa nne usiku Jumamosi, na kilichofuata baada ya hapo chote kilikuwa ni nyongeza.

Lakini kilichonikaa kichwani zaidi ni utafiti mwingine wa 2010, huu ulikuwa kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Walichukua wanaume 9,778 wa miaka 50 mpaka 59, wengine wa Belfast kule Ireland Kaskazini, wengine wa miji mitatu ya Ufaransa, wote hawana ugonjwa wa mishipa ya moyo, wakawafuatilia miaka kumi. Wafaransa kwa wastani walikuwa wanakunywa zaidi, kama gramu 33 kwa siku, wa Belfast 22. Ungetegemea nani aumie? Sasa angalia walivyokuwa wanakunywa. Kati ya wanywaji wa Ufaransa asilimia 75 walikuwa wanakunywa kila siku, kidogo kidogo na chakula. Belfast waliokunywa kila siku ni asilimia 12 tu, wengi walikuwa wanasubiri mwisho wa wiki, yani watu wangu kabisa hao, ningekaa nao meza moja. Waliohesabiwa kuwa wanabugia, zaidi ya gramu 50 kwa mkupuo angalau mara moja kwa wiki, Belfast walikuwa asilimia 9, Ufaransa nusu ya asilimia moja. Na hao wabugiaji hatari yao ya kupata shambulio la moyo au kufa kwa moyo ilikuwa karibu mara mbili ya wale wanaokunywa mara kwa mara bila kubugia.

Gramu 50 ni bia mbili na nusu. Nilirudia kusoma hapo mara tatu nikidhani nimekosea kutafsiri.

Sasa mtu mkweli lazima aseme na ile sehemu nyingine ya huo utafiti, ambayo rafiki yangu mmoja (nitamrudia) aliipenda sana nilipomtumia: wale wasiokunywa kabisa nao walionekana wana hatari kubwa, karibu sawa na wabugiaji. Jamaa akanipigia simu saa hiyo hiyo anacheka, "si unaona mkuu, maji nayo yanaua!" Na kusema ukweli hii ndo hoja ambayo wanywaji tumeibeba miaka yote. Kidogo ni dawa. Glasi moja inasafisha mishipa. Ukitafuta ilikotoka unafika mwaka 1991, kipindi cha televisheni Marekani cha 60 Minutes kilimleta mtafiti wa Kifaransa Serge Renaud kuzungumzia kwa nini Wafaransa wanakula siagi na jibini wanavyotaka lakini mioyo haiwasumbui kama Wamarekani, na jibu lililobaki kwenye masikio ya watu likawa ni waini nyekundu. Mauzo ya waini nyekundu Marekani yakapaa. Habari ikasambaa dunia nzima na mpaka leo ukikaa na watu watano wanaokunywa, mmoja lazima atakwambia waini ni nzuri kwa moyo, hata kama yeye mwenyewe yuko na konyagi mkononi.

Shida ni kwamba "wasiokunywa" sio kundi moja. Humo ndani kuna mtu ambaye hajawahi kuonja, kuna aliyeacha kwa sababu ini limeshachoka, kuna mgonjwa wa kisukari aliyekatazwa, kuna aliyekunywa miaka thelathini akaacha mwaka jana. Ukiwaweka wote kwenye mzani mmoja bila shaka wataonekana dhaifu kuliko mtu anayekunywa glasi moja na chakula, ambaye mara nyingi ana hela kidogo, anatembea, anakula mboga na ana daktari wake. Hili lilishasemwa tangu 1988 na Profesa Gerald Shaper wa Uingereza, kwamba wengi wanaoitwa wasiokunywa ni wagonjwa walioacha. Hata ukiwatoa walioacha, bado anayebaki hajawahi kunywa maisha yake yote anaweza kuwa na sababu zake za kiafya tangu ujana. Kwa hiyo pombe inapewa sifa ambazo ni za mshahara na mboga za majani.

Kilichonimaliza mimi ni ule utafiti wa vinasaba. Kuna watu, hasa Asia Mashariki, wamezaliwa na kinasaba kinachofanya mwili ushindwe kuivunja pombe vizuri, akinywa kidogo tu uso unakuwa mwekundu, kichefuchefu, moyo unakwenda mbio, kwa hiyo anajikuta anakunywa kidogo au hanywi, na hakuchagua, ni kama bahati nasibu ya kuzaliwa, haihusiani na hela wala mazoezi. Watafiti wakatumia hiyo bahati nasibu huko China, kwenye kundi la watu zaidi ya 500,000 ambamo kama 160,000 walipimwa vinasaba, matokeo yakatoka 2019. Kama kweli kidogo ni dawa, basi wanaume ambao vinasaba vyao vinawapa kunywa kidogo wangekuwa na afya kuliko wasiokunywa. Haikuwa hivyo. Presha na kiharusi vilipanda moja kwa moja kadri pombe inavyoongezeka, hakuna lile bonde la katikati ambapo anayekunywa kidogo anaonekana salama kuliko asiyekunywa. Kwenye shambulio la moyo hawakuona faida wala hasara iliyo wazi. Halafu sehemu niliyoipenda kuliko zote: wanawake wa huko wana vinasaba vilevile lakini karibu wote hawanywi, na kwao hivyo vinasaba havikupandisha presha. Kwa hiyo sio kinasaba chenyewe, ni pombe.

Kuna wakati walitaka kumaliza ubishi kabisa kwa kufanya jaribio la kweli, watu kama 7,800, wengine wapewe kinywaji kimoja kwa siku wengine wasinywe, wafuatiliwe miaka. Marekani, taasisi ya taifa ya afya, bajeti ya dola milioni 100. Ikaja kujulikana kwamba sehemu kubwa ya hela ilikuwa inatoka kwa makampuni ya pombe na kwamba wahusika walikuwa wameongea nao mapema kabla jaribio halijapangwa, likafutwa 2018 hata halijafika mbali. Sisemi zaidi.

Turudi kwenye Jumamosi yangu. Presha ni upande mmoja, upande mwingine ni mapigo yenyewe. Mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake Marekani waliandika kuhusu wagonjwa 24 waliokuwa wanafika hospitali na mapigo yaliyovurugika, na wengi walikuwa wanafika kati ya Jumapili na Jumanne, au baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Wakauita moyo wa sikukuu. Vyumba vya juu vya moyo badala ya kusukuma kwa mpangilio vinatetemeka tu, damu inakaa humo ndani inazunguka bila kutoka vizuri, inaweza kuganda, bonge likitoka hapo likapanda kichwani ndo kiharusi hicho. Mtu anaweza kuwa hana historia yoyote ya moyo. Anahisi kama samaki anarukaruka kifuani, anakunywa maji anasema hangova itaisha. Mara nyingi kweli inaisha, ndani ya siku moja. Tatizo ni kwamba ukiizoesha moyo hiyo tabia inaanza kujirudia yenyewe hata bila pombe.

Na msidhani ni kitu cha nadra. Mwaka 2015 Wajerumani walienda na vipimo vya umeme wa moyo vya kushika mkononi kwenye ile sherehe kubwa ya bia ya Munich, wakawapima watu 3,028 wakiwa wanakunywa. Karibu theluthi walikuwa na mapigo yasiyo ya kawaida, wengi ni ya kwenda mbio tu, lakini bado. Na Australia wakafanya jaribio, matokeo yakachapishwa 2020, la watu 140 wanaokunywa ambao tayari wana huo ugonjwa wa mapigo kutetemeka, nusu wakaambiwa waache, nusu waendelee kama kawaida. Miezi sita baadae ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 73 ya walioendelea na asilimia 53 ya walioacha. Bila kidonge kipya, bila upasuaji, ni kutokunywa tu.

Sasa nilinunua mashine ya presha. Dokta alisema kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa, nikapime nyumbani wiki kadhaa nimletee daftari. Masharti: kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee. Mimi mjanja nikaanza kupima Jumamosi usiku nikiwa katikati ya bia ya nne. 122 kwa 74! Nikaipiga picha, nikaituma kwenye grupu, "wataalamu njooni mnieleze." Tulicheka usiku mzima. Mapigo ya moyo yalikuwa 104 kwa dakika lakini hiyo namba nani alikuwa anaiangalia.

Jumapili jioni 149 kwa 93. Jumatatu asubuhi 151 kwa 95.

Kumbe inajulikana, pombe nyingi kwa mkupuo inatanua mishipa kwanza, presha inashuka kwa saa kama kumi na mbili hivi, halafu baada ya hapo inapanda kupita pale ilipokuwa, na moyo unakwenda mbio mpaka siku nzima. Kwa hiyo anayejipima akiwa amekunywa anajidanganya mwenyewe na mashine inamsaidia. Na mimi miaka yote niliyokuwa nasema "nikinywa nasikia mwili umelegea vizuri" nilikuwa naelezea nusu ya kwanza ya mchezo, nusu ya pili nilikuwa nalala.

Nilichofanya sio kuacha, niseme ukweli, sijaacha. Nimekata bia saba zikawa mbili, viglasi vya kuagana nimeviaga moja kwa moja, na Ijumaa nimeiondoa. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa sababu ambayo sikuitegemea, kiu haikuwa shida, shida ilikuwa mikono. Mikono haijui ishike nini kuanzia saa mbili usiku. Na marafiki, maana ukimaliza mbili ukaagiza maji kila mtu anageuka daktari wako, unaumwa? umeokoka? mkeo kakuambia nini? Niligundua nikishika glasi ya soda yenye barafu na ndimu hakuna anayeuliza, wanadhani ni kitu.

Baada ya wiki nane wastani wa daftari ni 134 kwa 84. Bado haijawa nzuri, dokta bado ananipigia hesabu ya kidonge, na amenionya kabisa kwamba akinipa nisije nikawa kama wale wanaoruka dozi siku ya kunywa ili "visigongane", manake ndo siku ambayo presha inakuja kupanda kuliko zote. Amesema pia wanawake hesabu yao ni kali zaidi kuliko yetu, mwili wao una maji machache kwa hiyo pombe ileile inakuwa nzito zaidi kwenye damu, na wanaume tukifika umri fulani tunaanza kwenda huko huko.

Na hapa nisimame kidogo kwa ajili ya mtu mmoja anayesoma hii ambaye yeye sio wa wikiendi. Kama unakunywa sana kila siku, na ukichelewa asubuhi mikono inatetemeka, jasho linakutoka, usiamke kesho ukakata ghafla peke yako nyumbani kwa sababu umesoma blogu ya mtu. Mwili uliozoea hivyo ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na kufa kabisa, sikutishi. Nenda hospitali waambie ukweli wa chupa, sio wa siku, watakushusha kwa dawa. Habari nzuri ni kwamba hata moyo ambao umeshatanuka kwa ajili ya pombe, yule mtu anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, kuna wengi wanaorudi vizuri sana wakiacha mapema.

Watu wananiuliza sasa kipimo salama ni ngapi. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 hakuna. Uingereza wanasema usivuke yuniti 14 kwa wiki, ambazo ni kama gramu 112, na wanasisitiza uzigawe kwenye siku tatu au zaidi, usizikalie siku moja. Kanada wao mwaka huohuo 2023 walitoa mwongozo unaosema hatari ndogo ni vinywaji viwili kwa wiki. Mimi nikiangalia hizo namba tatu naona wanakubaliana kwenye kitu kimoja ambacho mimi ndo nilikuwa nakivunja, ila kila mtu na daftari lake.

Yule rafiki yangu wa "maji nayo yanaua" alikuja Jumapili iliyopita jioni, amechoka, jana yake walikuwa na sherehe ambayo mimi sikwenda. Akaiona mashine mezani akasema leta nami nijipime tumalize ubishi. Akakaa sawasawa, dakika tano kimya, ambazo kwake ni miujiza. Presha yake haikuwa mbaya kivile, 138 kwa 88, akanyoosha mkono juu kama kafunga goli. Ila pembeni ya namba kulikuwa na kale kaalama kadogo ka moyo kanakopepesa, ambako kwenye kijitabu cha mashine wanasema kanatokea mapigo yakiwa hayana mpangilio. Tukapima tena. Kakatokea. Mara ya tatu kakatokea.

Kaniambia hii mashine yako betri zimeisha. Nikabadilisha betri mbele yake, mpya kutoka kwenye pakiti. Kakatokea tena, na safari hii hakucheka, alikuwa ameweka viganja viwili kifuani anasikiliza.

Alhamisi tunaenda wote kupimwa umeme wa moyo.